Arobaini na Mmoja kwa Daktari wa Meno

Jumatatu, 8 Aprili
Bodi imemwachisha kazi nesi wa shule, Bi Tolliver. Rosalba hajala mchana. Ana pumu, na mwezi wa pili Bi Tolliver ndiye aliyemrudishia pumzi pale sakafuni, sisi wengine tumesimama kama magogo. Keshokutwa saa nne darasa zima la mwisho, watu arobaini na wawili, tunagoma: tunatoka kwenda kusimama uwanjani mpaka arudishwe. Mkuu, Bwana Lindqvist, katangaza kwenye spika: atakayetoka bila ruhusa hapandi jukwaani siku ya mahafali. Bibi yake Rosalba ameshakata tiketi ya basi kutoka El Paso aje amwone akipanda, na miguu yake ile imevimba. Nikamwambia Rosalba aniachie mimi. Akaniambia, "Emmett, nakuomba, usifanye kitu." Wazo nimeshalipata.

Jumanne, 9
Mzazi akiacha ujumbe kwenye simu ya mahudhurio kabla ya saa mbili asubuhi, mtoto anaandikwa ana ruhusa. Basi. Nani anamwona mzazi? Nimefanyia mazoezi sauti za akina mama bafuni. Mama kauliza kama nina mafua.

Darasani ubishi mkali. Ladislav wa timu ya mieleka anasema kuadhibiwa ni uonevu, kwani tumevunja dirisha la nani? Rosalba akasema yeye adhabu anaitaka: ukitoka na ruhusa mfukoni hayo ni mapumziko, na bodi itakuonaje? Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa napanga majina.

Jumatano, 10
Simu arobaini na moja, nimejibanza nyuma ya gereji ya mabasi. Sababu moja kwa wote: daktari wa meno. Kufika ya ishirini koo limekauka. Saa nne wakatoka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mtu mmoja sijampigia: mimi mwenyewe. Nikaogopa kutoka. Nakiri humu tu. Nimekaa peke yangu na mwalimu wa kemia, nikimwona Rosalba dirishani, bango mkono mmoja, dawa yake ya kuvuta mkono wa pili.

Alhamisi, 11
Maji yamezidi unga. Kikao cha bodi jioni, Lindqvist kasimama na karatasi. Mgomo? Mgomo gani? Hakuna aliyetoka bila ruhusa. Wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa kwa daktari wa meno. Mji huu una daktari wa meno mmoja, Dakta Sobotka, Jumatano hafungui, na alikuwa amekaa safu ya pili akitazama viatu vyake. Ukumbi mzima ukacheka. Bodi ikasema basi hakuna malalamiko, ikahamia kwenye majani ya uwanja. Rosalba hakucheka. Alikuwa anahema vibaya, na wa kumkimbilia hayupo tena.

Mlangoni Bi Hruska, karani wa shule, akaninong'oneza kwamba akina mama wote wana mafua yale yale. Akasema, "Sauti yako naijua tangu chekechea, mwanangu. Nilidhani nawasaidia." Ruhusa zote aliziandika yeye, akijua.

Ijumaa, 12
Kabla ya kengele, foleni dirishani kwa Bi Hruska. Wote. Wanaomba adhabu! Rosalba wa kwanza: "Futa meno. Andika nilitoka kwa miguu yangu." Lindqvist akawabembeleza warudi darasani, akawakumbusha jukwaa. Wakatia saini mmoja mmoja. Sasa kila mwenye kosa ana haki ya kusikilizwa mbele ya bodi, kwa hiyo bodi itasikia habari za Bi Tolliver mara arobaini na moja. Wanaweza kumrudisha. Ila Rosalba jukwaani hafiki.

Akaniambia niliuiba mgomo wake, ameurudisha mwenyewe, sasa nikae mbali naye. Nimelia chooni.

Jumapili, 14
Lindqvist kampigia mama. Rekodi safi ni yangu peke yangu, kwa hiyo siku ya mahafali nitapanda jukwaani peke yangu, na bendi nyuma. Nimewaza tangu asubuhi. Joho linafika chini, kofia inaficha nywele, na Rosalba tunalingana urefu. Atapanda yeye badala yangu! Kiongozi wa bendi amekubali kupiga taratibu, Rosalba asije akaishiwa pumzi. Bibi nimempigia El Paso, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mjukuu wake atapanda. Alilia kwa furaha, akasema anaongeza shangazi wawili.

Kilichobaki ni kumweleza Rosalba.