Mama Yuko Upande wa Msitu

Jumatatu, 3 Aprili 1978. Mweiga.
Daktari amesema moyo umechoka. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote; naelewa. Nataka kuzikwa kando ya mama, basi. Shida ni kwamba mpaka wa msitu wa serikali ulisogezwa baada ya mazishi yake, na mama akabaki ndani. Nimemwomba Thuranira, bwana misitu wetu, kijana wa Meru mwenye adabu. Amesema sheria inakataza kulima humo, kulisha mbuzi, kujenga na kuzika. Nikauliza kama marehemu huharibu miti. Akasema, pole mwalimu, marehemu hana neno, ila jembe linakata mizizi.

Jumanne, 4 Aprili.
Nimepata njia. Kwetu mpaka wa shamba huonyeshwa kwa itoka, yale maua ambayo hakuna mtu anayeyang'oa kwa kuogopa laana. Nikilizungushia kaburi la mama itoka, itaonekana ni ardhi ya ukoo tangu zamani. Mbegu ipo: mstari mzima kati ya shamba langu na la jirani yangu Gatimu. Nimeng'oa wote, nikipumzika kila shina. Laana ikija, itanikuta nimeshakwenda. Msituni nimepanda vizuri sana. Mduara kamili.

Alhamisi, 6 Aprili.
Thuranira amekuja na gunia. Amesema ni ajabu mpaka wa zamani kuwa na udongo mbichi na majani yaliyolala. Amezing'oa itoka zangu na kuniachia ndani ya gunia, bila kunishtaki. Afadhali angenishtaki.

Gatimu naye hakuona mpaka popote. Amelima hadi nyuma ya jiko letu. Binti yangu Wachuka alipomfokea, alijibu, "Nionyeshe itoka, dada yangu, nitarudi saa hii." Wachuka akageuka kunitazama. Nikajifanya nimelala.

Jumapili, 9 Aprili.
Mchungaji amekuja kuniombea. Nimeungama yote, Gatimu akiwa amesimama mlangoni. Machozi yalikuwa ya kweli. Gatimu alicheka hadi akakohoa. Akasema, kumbe mwalimu, hesabu ya kutoa ndiyo ilikushinda. Tumerudisha itoka pamoja, yeye akichimba, mimi nikielekeza.

Jioni Thuranira alinishika mkono hadi kwa mama. Akasema sheria haimkatazi mtoto kusalimia. Nilimweleza mama kwamba sitaweza kuja kulala kwake. Nilikawia kidogo. Thuranira alitazama ndege muda wote huo, na hakukuwa na ndege.

Jumatano, 12 Aprili.
Moyo umetulia. Nimemwahidi Mungu, mchungaji na Wachuka kwamba sitagusa itoka tena.

Nimegundua jambo. Nje ya msitu, mahali palipo karibu zaidi na mama ni kona ya juu ya shamba la Gatimu. Hapalimwi, kuna mawe. Panatosha mtu mmoja mwembamba.

Asubuhi nimesogeza itoka ya mwisho. Kidogo tu. Wachuka ameuliza matope ya magotini yametoka wapi. Nimemwambia nilikuwa nikiomba.

Kesho, nikiamka, ya pili.