Kisanduku, Tamthilia na Kiti cha Mwenyekiti wa Jengo

Jumatatu, 9 Machi
Tangazo limebandikwa kwenye lifti. Uchaguzi wa mwenyekiti wa jengo ni Ijumaa, saa tatu usiku. Saa tatu! Ndiyo saa ya sehemu ya mwisho ya tamthilia, jiji zima la Recife litakuwa kwenye makochi. Dona Zoraide, mwenyekiti wetu, anajua fika. Watu wasipotimia, kikao kinaitwa tena baada ya nusu saa na waliopo wanatosha. Waliopo huwa ni yeye, dada yake na mbwa. Miaka sita anatawala hivyo. Miaka sita anaegesha kivulini, na gari langu linaungua juani hadi usukani unanibabua.

Safari hii hapana, nagombea mimi. Nitanunua kisanduku cha kuhifadhia vipindi. Kitanasa tamthilia wakati tuko kikaoni, kisha nitawarushia watu wote ukumbini. Lindalva, mke wangu, kasema tamthilia hurudiwa Jumamosi. Nimemjibu kwamba hicho ni kiporo.

Jumanne, 10 Machi
Dukani. Muuzaji, Rosilda, kaniuliza nitarekodi saa ngapi kwa wiki, na televisheni ngapi zitatazama kwa mpigo. Nikamuuliza kipi kina taa nyingi. Akasifia chenye nafasi nne za diski. Akasema hata chenye mbili si kibaya, diski moja inainakili nyingine ili moja ikifa, nyingine ibaki. Nikamwambia mimi ni mtu wa mke mmoja. Hakucheka.

Nimechukua cha nafasi mbili, cheusi, taa za buluu. Kinatia heshima! Nimekipitisha mapokezi mara mbili, Dona Zoraide akione. Akaniuliza kwa sauti kama nimenunua tanuri la mikate. Watu wakacheka. Nikacheka pia, roho ikiniuma.

Jumatano, 11 Machi
Kisanduku ni kitupu! Hakina diski hata moja! Rosilda kasema kwenye simu kwamba alinieleza mara tatu diski zinauzwa kando, na kila mara nilimjibu poa.

Nimepata dawa. Kwenye kabati la bawabu kuna diski mbili za kamera za zamani za jengo. Seu Genival, bawabu mwenyewe, kauliza za nini. Nikasema za usafi. Kanipa kwa kipande cha keki. Nilipozichomeka, mtambo ukauliza kama ufute kila kitu. Nikabonyeza hapana. Mimi si mtu wa kuharibu mali ya umma.

Alhamisi, 12 Machi
Kampeni, mlango kwa mlango. Nimeahidi tamthilia usiku uleule, skrini ukuta mzima, na koshinya za bure, vile vitafunio vya kukaanga vyenye kuku ndani. Watu arobaini wamekubali! Rosilda kapiga kuuliza kama nimejaribu kurekodi. Kujaribu! Kiongozi akianza kujaribu, wafuasi wanaingiwa na shaka.

Ijumaa, 13 Machi
Sina hamu.

Ukumbi ulifurika. Nilihutubia saa nzima, kisanduku kikiwakawaka. Nikaomba tupige kura. Wakagoma. Weka tamthilia kwanza, bwana, kura hazina miguu! Nikaweka.

Ikatokea korido yetu. Diski zilikuwa zimejaa picha za kamera, tamthilia haikupata nafasi hata ya dakika moja. Na koridoni ni nani? Mimi! Nimevaa chupi, nanyata na mfuko wa taka, nautua mlangoni kwa Dona Zoraide. Ukumbi ukalipuka: jamani, si Evilásio yule? Mungu wangu, chupi gani ile!

Niliruka kuzima, kwa pupa nikabonyeza kitufe cha picha inayofuata. Akatokea Dona Zoraide na Adeilson, yule mleta maji. Dumu katikati yao. Kisha dumu likatuliwa chini. Wakabusiana! Picha iliyofuata, Adeilson anagonga kwa Dona Zoraide, mlango haufunguliwi. Anakaa juu ya dumu, anafuta machozi. Wamama wakaanza kulia kwa sauti. Mfungulie, dada! Huna huruma wewe?

Na Adeilson mwenyewe alikuwa pale, amesimama mlangoni na koshinya mkononi, alikuja kwa ajili ya kula. Dona Zoraide akainuka. Akavuka ukumbi mzima mbele ya macho yetu, akamshika mkono. Kelele zile nadhani zilifika mtoni Capibaribe.

Kura: Zoraide arobaini, mimi moja. Lindalva kaniambia usoni kwamba kaupigia upendo.

Jumamosi, 14 Machi
Tamthilia imerudiwa leo. Hakuna aliyeitazama. Walikuwa mlangoni kwangu, wanataka kujua mwezi wa nane kulitokea nini ghorofa ya sita. Mwenyekiti ameamuru niwaonyeshe picha za kamera kila Ijumaa. Bila malipo, bila kivuli.

Wanadhani wameniadhibu. Nimehesabu: nimo kwenye picha hizo Jumanne thelathini na nane, na taka zangu. Mwaka mzima jengo lote litakuwa linaitazama sura yangu, kubwa, ukutani. Mgombea gani amewahi kupata bahati hiyo?

Kilichoniangusha ni chupi tu. Kamera mpya zinafanya kazi, nimehakikisha kwa Genival. Jumanne hii nitampelekea Dona Zoraide taka zake nikiwa na suti na tai.