Hasira Arobaini na Moja

Jumapili, 3 Oktoba 1954

Nimeanza kuandika shajara. Si kwa hiari yangu, ni agizo la Mwalimu Gideoni. Amerudi majuzi kutoka chuo cha ualimu, na leo baada ya ibada ametufundisha kitu anachokiita elimu ya nafsi. Alisema tabia ni kama maji, hupita palipochimbwa. Usishindane nayo, chimba mfereji mwingine. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mimi nimesema habari ya kuchimba mfereji mwingine miaka sita hapa Bombo, tena mfereji wa kweli. Hakuguna mtu.

Dawa ya mwalimu ndiyo hii. Weka maharage mfuko wa kulia. Kila ukikasirika, hamishia moja mfuko wa kushoto, ili jioni uzione hasira zako kwa macho. Ukitaka tabia mpya, ifunge kwenye tabia uliyonayo tayari. Kila siku andika mambo matatu ya kushukuru. Na uwe na mwenzi wa kukusimamia, msomeane hesabu.

Nimejiandikisha wa kwanza. Sababu ninayo. Jumamosi wazee wanachagua msimamizi wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Mzee Kaanaeli ametangaza kwamba safari hii wanataka mtu wa moyo baridi, maana wawili waliopita walirushiana majembe. Na shamba langu liko mkiani mwa mfereji. Maji yakinifikia ni mate tu. Mistari 212 ya mahindi, 160 imejikunja kama tumbaku. Isiponyweshwa juma lijalo, kwaheri. Nilihesabu matita ya mkonge miaka kumi na moja kule bondeni, nikapanda mlima na mabati ya nyumba yangu kichwani, bati moja moja. Nani mwingine hapa anajua kugawa zamu?

Kisha mwalimu akanitajia mwenzi wangu. Naftali!

Naftali mwenye shamba la kichwani mwa mfereji. Tulitiwa jandoni siku moja, na mpaka leo watu husema Naftali hakupepesa jicho. Mimi nilipepesa moja. Kulikuwa na nzi.

Shukrani: 1. Mabati. 2. Ng'ombe wa Naftali anakohoa. 3. Anakohoa sana.

Jumatatu, 4 Oktoba

Maharage 23. Kumi na tisa ni ya Naftali: kumwona anapita, kumsikia anaimba, kumwona mke wangu Raheli anamsikia anaimba.

Jioni akaja kibarazani na maharage yake kwenye kitambaa. Nikamwambia nimepata manne. Sauti haikutetemeka. Yeye akasema kumi na moja, akayataja moja moja bila haya: kamfokea mbuzi, kamnunia mkewe kwa ajili ya chumvi, kaapa alipojikwaa. Nimemshinda! Manne kwa kumi na moja!

Alipoondoka Raheli akasema yule ni mtu mkweli, Mungu amtunze. Harage la 24.

Shukrani: 1. Ushindi. 2. Mbuzi aliyefokewa. 3. Sina la tatu.

Jumanne, 5 Oktoba

Leo nimefunga tabia kwenye tabia. Kila nikivuka gogo la mfereji, navuta pumzi kumi za utulivu. Kwa siku navuka mara kumi na nne, basi pumzi 140. Naftali, nimesikia, amefunga yake kwenye kunawa mikono kabla ya kula. Anakula mara mbili. Pumzi 20! Hata haifai kulinganisha.

Tatizo ni kwamba gogo ni jembamba na wengine nao wanataka kuvuka. Kwenye pumzi ya sita nyuma yangu walikuwa wanawake wanne wenye mikungu ya ndizi vichwani. Mmoja akaniuliza, Baba Yudith, unavuka au unazaa? Nikageuka kumjibu kwa utulivu. Nikaanguka mferejini. Sikulowa hata kidogo. Hilo pekee lingetosha kuwaonyesha wazee hali ya maji huku mkiani.

Mke wa Naftali anawaambia watu mumewe siku hizi halali na kinyongo, na tumbo limetulia. Nani aliuliza habari za tumbo lake?

Maharage 31. Nimeripoti matatu.

Shukrani: 1. Sikuvunjika. 2. Ndizi hazikuniangukia. 3. Zilimwangukia aliyeniuliza.

Jumatano, 6 Oktoba

Msiba. Jioni natia mkono mfuko wa kushoto, mtupu! Raheli alikuwa amepika makande. Akasema alipungukiwa maharage, akayakuta kwenye koti, na toka lini chakula kinakaa kwenye koti? Nikamweleza zile ni hasira zangu za siku tatu. Akasema zimeiva vizuri.

Naftali akaja kusoma hesabu, akakaribishwa, akanawa mikono huku akipumua kwa sauti, akala sahani mbili. Akasifu. Yaani amekula hasira alizonitia mwenyewe, akalamba na vidole. Kisha akatangaza yake: saba.

Shukrani: 1. Chumvi ilitosha. Basi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimegundua siri! Nilipitia kwa Mzee Kaanaeli kumwamkia, shikamoo, marahaba, na mazungumzo yakaenda kwa Naftali, kama maji yanavyokwenda kwake. Mzee akasema anampenda kijana yule kwa kuwa anatangaza hasira zake hadharani. Akasema anayeujua ubaya wake amekwisha pona nusu.

Mimi siku zote napunguza! Nimepoteza siku nne kwa hesabu ndogo. Kama hasira kumi na moja zinamponya mtu nusu, arobaini zinamponya kabisa. Hesabu haidanganyi.

Nami nimeamua kusema kweli. Arobaini za uongo sitaki. Nitazipata kwa jasho langu.

Ijumaa, 8 Oktoba

Siku ya kazi ngumu. Asubuhi na mapema nimekwenda kukaa juu ya jiwe mkabala na shamba la Naftali, nikaangalia maji yakiingia. Kumi na mbili kabla ya kifungua kinywa. Hapo nikaanza kulizoea jiwe, hasira zikapungua. Nikarudi nyumbani, nikamwomba Raheli arudie alichosema Jumatatu kuhusu sauti ya Naftali. Akarudia, akaongeza na mwendo wake. Tano. Nikahesabu mistari ya mahindi iliyokauka: sasa ni 171. Tisa kwa mkupuo, na hizo zilikuwa za kweli. Mpaka adhuhuri nilikuwa na ishirini na sita. Kumi na tano za mwisho nilizipata kwa kuwaza jando.

Jumla: 41. Sijawahi kuwa mchovu hivi, hata kwenye mkonge.

Jumamosi, 9 Oktoba

Msaragambo, siku ya kazi ya pamoja. Kijiji kizima kilikuwa ndivani kuondoa tope. Wakati wa kupumzika mwalimu akauliza nani atatoa ushuhuda wa maharage yake. Naftali akasema jana alipata moja, nalo amelisahau lilikuwa la nini. Watu wakacheka kwa upendo. Nikasimama. Nikapindua mfuko wa koti mbele ya wazee, yakamwagika. Nikasema kwa sauti ya kanisani: Arobaini na moja! Kwa siku moja!

Chura mmoja tu alisema kitu.

Mzee Kaanaeli akauliza mangapi yalikuwa kabla ya jua kufika utosini. Nikajibu kwa fahari, ishirini na sita. Akasema, "Mwanangu, hizo ni bila maji. Na tukikupa maji ya watu uyagawe, je?"

Wamemchagua Naftali. Haikuchukua hata dakika mbili.

Lakini ngoja, mabaya hayajaisha. Naftali akasimama, akasema atakubali kwa sharti moja. Yeye hajui hesabu. Zamu azipange Hezroni, yaani mimi, na Jumatatu maji yaanzie mkiani, kwa sababu amepita akaona mahindi yangu na hakuweza kula vizuri. Wazee wakaafiki. Raheli akafuta machozi kwa kanga.

Alinipa nilichokuwa nakitafuta, bure, mbele ya watu wote. Na hakupepesa jicho.

Jumatatu, 11 Oktoba

Jana sikuandika. Nilikuwa napanga zamu. Mashamba 38, kila moja na muda wake, hakuna wa kuonewa. Ni kazi safi, hata nikisema mwenyewe.

Alfajiri maji yamekuja. Niliyasikia kabla ya kuyaona. Yamepita mistari yote 212, nami nimesimama katikati miguu imezama matopeni. Raheli alinishika mkono. Nusu saa nzima sikuhamisha harage.

Kisha Naftali akapita akiimba. Akasema ameacha kuhesabu, mfereji wake mpya umeshajichimba, akaniachia maharage yake nipande. Nani kamruhusu kumaliza kabla yangu?

Raheli aliniona uso. Akasema, "Baba Yudith, hasira si ugonjwa wako. Ugonjwa wako ni wivu." Nimekaa nikalipima neno hilo pande zote. Ni kweli. Mwanamke ana akili.

Shukrani: 1. Maji. 2. Maji. 3. Ng'ombe wa Naftali amepona. (Hili nimeliandika kwa kuwa huenda mwalimu akaomba kusoma.)

Basi kuanzia kesho naacha wivu. Nimetenga maharage vibaba viwili, nayo ni yale ya Naftali. Yeye wivu hana hata punje, kwa hiyo hana cha kuacha. Hapo hanifikii kamwe!