Picha ya Dada Mdahaloni

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Kituo cha televisheni kimemwalika Dada kwenye mdahalo. Ijumaa jioni, yeye na mpinzani wake, Daktari wa Meno, mbele ya mji mzima. Dada ni meya, anaomba kipindi cha pili, na kura ni Jumanne ya wiki ijayo. Mimi ni mdogo wake wa mwisho na Mshauri Mkuu wa kampeni. Cheo nilijipa mwenyewe, lakini kipo.

Dada amefurahi. Amesema atakwenda, wananchi wana haki ya kumuuliza meya wao maswali. Nikamwambia kiongozi aliye madarakani hajibizani na mtu anayeng'oa watu magego. Kiti ni chake, akagombanie nini? Msemaji wake, binti mwenye miwani anayejiona anajua kila kitu kwa kuwa amesomea uandishi wa habari, akasema mtu akiitwa kwenye usaili wa kazi hatumi salamu. Wote wakacheka. Hata Shemeji, mume wa Dada, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji na hakuulizwa.

Nimeshindwa. Watatu kwa mmoja. Msemaji hata si wa familia!

Jumanne, 4 Machi

Mpango mpya. Nimependekeza mdahalo wa majaribio sebuleni kwa Dada, mimi niwe Daktari wa Meno. Nia yangu, ambayo Msemaji asiijue kamwe, ni kumbana Dada mpaka achukie midahalo maisha yake yote.

Nikaanza na soko. Liliungua mwaka jana na wachuuzi bado wanauza juani. Nikapiga meza. Nikauliza, Mheshimiwa Meya, uliahidi mapaa kabla ya mvua, yako wapi? Dada akasema mkandarasi wa kwanza alikuwa tapeli, akamtimua, halafu akaona aibu kuwaambia watu, akakaa kimya. Huko kukaa kimya ndiko kosa lake, na anaomba radhi. Sasa mabati yamefika, yako kwenye ghala la manispaa, kazi inaanza mwezi huu. Asiyeamini aje, atampeleka mwenyewe akayaone.

Msemaji akapiga makofi. Shemeji akafuta macho, akasingizia vumbi la friji. Kuomba radhi! Kwenye televisheni! Nijuavyo mimi siasa, kiongozi akisema samahani mara moja tu, kwisha habari yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimetumia silaha ya mwisho. Nimemfuata Dada jikoni, peke yake, anamenya vitunguu. Sikugusa siasa. Nilimwambia ni mimi, mdogo wake, niliyebebwa naye mgongoni mama alipofariki, na kwamba sitaweza kukaa nikimtazama anaaibishwa. Akaniuliza kama kweli naona ataaibika. Nikasema ndiyo.

Kisu kikasimama. Akaniangalia, kisha akasema sawa, mdogo wangu, kama wewe unayenijua kuliko wote unaona hivyo, basi siendi.

Ushindi! Msemaji alipoambiwa aliondoka bila kuaga. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi. Vile vitunguu Dada hakuvimaliza.

Alhamisi, 6 Machi

Kituo kimejibu. Mdahalo uko palepale, na kiti cha Dada kitawekwa kikiwa kitupu. Msemaji amenitumia ujumbe wa neno moja: Hongera.

Nimekwenda studio mwenyewe. Mtayarishaji wa kipindi amenionyesha hicho kiti. Kina taa yake peke yake! Nikabembeleza kiondolewe. Akakataa katakata. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Mlangoni pa ofisi ya kampeni tuna picha ya Dada iliyobandikwa kwenye kadibodi ngumu, kimo chake mwenyewe, watu hupenda kupiga nayo picha. Anatabasamu mpaka magego yanaonekana, dole gumba juu. Nikamwambia Mtayarishaji: toeni kiti, simamisheni ile picha. Atakuwepo bila kuwepo.

Mtayarishaji alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema leta, leta haraka. Mtu mwema sana! Sikujiuliza anacheka nini.

Nimeibeba kichwani barabara nzima. Watu wameisalimia. Dalili njema.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulitazama kwa Dada, sote wanne sebuleni. Hata Msemaji alirudi, akakaa mbali nami. Mtangazaji akamkaribisha Daktari wa Meno, halafu akaikaribisha picha. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikajipa moyo, nikasema wameipenda.

Kumbe kila swali walikuwa wanalipeleka kwa wote wawili. Daktari wa Meno anajibu, kisha kamera inaisogelea picha na kungoja muda wake wote uishe. Mifereji iliyoziba? Tabasamu. Wafagiaji wa barabara ambao hawajalipwa? Dole juu. Shemeji alianza kukohoa. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu.

Kisha akasimama mama mmoja ukumbini. Anauza viatu sokoni, wanamwita Mama Viatu. Akasema kibanda chake kiliungua na kila kilichokuwamo, na mvua ikinyesha wanawe ndio wanaoshika turubai pembe huku na pembe kule. Akasema hakuja kuomba ahadi. Anataka tu kujua kama Meya anawakumbuka. Hakuna aliyecheka. Kamera ikageuka. Dada, meno yote nje, dole juu.

Dada wa kweli alikuwa kwenye kochi, bega lake limegusa langu. Akaanza kujibu. Akasema nawakumbuka, mama. Akaiambia televisheni yote yale ya Jumanne, tapeli, aibu, mabati, samahani, taratibu, bila kukwama, mpaka muda ukaisha na Mtangazaji akaiambia picha ahsante Mheshimiwa. Shemeji akazima televisheni.

Nilitamani sakafu inimeze. Sijawahi kusikia jibu zuri namna ile. Tumelisikia watu watatu.

Jumamosi, 8 Machi

Mji mzima umeota dole gumba. Nimemuuliza mwenye duka kama ana sukari, akanyamaza, akatabasamu, dole juu. Waliokuwa foleni nyuma yangu wakashika mbavu.

Nimejaribu kuokoa jahazi. Nimetangaza kwamba Meya hakufika kwa sababu aliumwa ghafla. Nilikuwa sijamaliza kutangaza, Shemeji akawaambia wateja wake wote wa friji kwamba mkewe ni mzima kama chuma, leo amepanda ngazi na kufuta madirisha yote ya nyumba. Nani alimuuliza? Nimeomba tushauriane kwanza siku nyingine. Amesema siku nyingine ipi.

Jumatano, 12 Machi

Tumeshindwa. Daktari wa Meno ndiye meya. Si kwa kura nyingi, na hilo ndilo linaloniuma.

Jioni alikuja Mama Viatu. Nilidhani amekuja kucheka. Amekuja kwa kuwa leo asubuhi Dada, siku ileile ya kushindwa, aliwapeleka watu wa sokoni ghalani wakayaone mabati, kazi isije ikasahauliwa. Huko aliwaambia yote. Mama Viatu alikaa ukingoni mwa kochi, hakugusa chai. Akasema kwenye foleni ya kura walisimama wengi wa sokoni, na walikuwa bado hawajaamua. Akamwambia Dada, mwanangu, ungeyasema haya haya Ijumaa, tungekupa.

Dada hakuniangalia. Ningeona afadhali angeniangalia.

Mgeni alipoondoka nikajikakamua kusema neno. Dada akaniwahi. Akasema hanilaumu, masikio ni yake, aliniazima mwenyewe. Kisha akaniomba nikaichukue ile picha, kituo cha televisheni kimemrudishia nayo hajui aiweke wapi. Hakupandisha sauti. Nimezoea anipigie kelele.

Nimeileta chumbani kwangu. Nimeigeuza ikaangalia ukuta.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kula kwa Dada kama kawaida. Mlango ambao sijawahi kuugonga tangu nizaliwe, leo umefungwa. Jirani amesema wote wametoka, wamekwenda televisheni.

Nimekimbia nyumbani nikawasha yangu. Ni kweli! Dada, bila mdahalo, bila mpinzani, anahojiwa kama meya anayeondoka. Amesema aliwakosea watu kwa kukaa kimya, kisha akawakosea tena kwa kutokwenda kujibu. Jina langu hakulitaja. Nililingojea mpaka mwisho. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi, na pale mbele nilimwona Msemaji amevua miwani anafuta macho.

Hakuniambia kwamba anakwenda. Angeniuliza ningemwambia asiende, najua, na yeye anajua. Nimelia. Si sana. Dada nimemkosa.

Jumatatu, 17 Machi

Mambo yanaanza kunyooka! Kinyozi wangu anagombea uenyekiti wa klabu ya mpira, na televisheni ileile imewaalika wagombea kwenye mdahalo. Amenitafuta mwenyewe. Amesema anahitaji mtu aliyepitia haya.

Akaniambia haogopi, anaongea na watu kutwa nzima huku ameshika wembe shingoni mwao, atashindwaje kuongea na kamera? Nikamwambia atulie. Nilifumba macho pale kitini, povu kidevuni, nikayapitia yote yaliyotukuta, moja baada ya jingine, kwa uchungu na kwa uaminifu. Nikaliona kosa letu waziwazi. Nashangaa nilichelewaje kuliona.

Lilikuwa tabasamu.

Nimemwambia asiende. Tutapeleka picha, na safari hii tutampiga picha akiwa amenuna, mikono mfukoni, hata akiulizwa swali la msiba ataonekana ameguswa. Kinyozi amesitasita. Nimemwambia aniamini, nina uzoefu.

Nilitaka kupita kwa Dada nimweleze, yeye ndiye huwa namweleza mambo yangu. Nikafika kwenye kona ya mtaa wao, nikarudi. Nyumbani nikaigeuza ile picha kutoka ukutani, nikaiegemeza mbele ya kitanda, nikaieleza mpango wote tangu mwanzo. Nikaiuliza kama kuna mahali nakosea.

Dole juu.