Uwanja Wangu wa Ndege Kwihara

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mwezi wa tano tangu mke wangu Magreth aende Dar kumsaidia binti yetu Flavia kulea mtoto. Nyumba hii ya Ipuli iko kimya. Leo tena nimesonga ugali wa watu wawili. Kwenye simu Magreth alisema nauli ya ndege ya kurudi ni kali, kwa hiyo nimekwenda uwanjani kuuliza sababu. Karani Abdulatifu aliniamkia vizuri, akanieleza. Ndege hulipia kutua kwa uzito wake, maegesho kwa saa, na kila abiria ana ada yake. Ndege zikiwa chache, gharama za uwanja zinawaelemea hao hao wachache. Kosa lao nimeliona palepale.

Jumanne, 4 Juni

Nitajenga uwanja wangu shambani Kwihara. Kutua bure, maegesho bure. Nitatoza abiria tu, tena kidogo. Ndege zitahamia kwangu, nauli itashuka, Magreth atarudi. Nimeng'oa mihogo mita mia mbili. Ilibaki mwezi mmoja kukomaa.

Alhamisi, 6 Juni

Jilala, tunayepakana naye mashamba, amefunga mbuzi saba katikati ya njia ya kurukia. Nikamdai ada ya maegesho, kwa uzito. Akasema mbuzi wake wamekuja kwa miguu. Hata hivyo nilifurahi kubishana na mtu. Nikamkaribisha chai. Akasema ana kazi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepigia simu kampuni ya ndege. Mama mmoja akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ada ikiwa ndogo ni vizuri, lakini ndege hufuata abiria.

"Wewe una abiria wangapi, mzee?"

Nikafikiri. Nikamwambia mmoja.

Akaniaga kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nimempigia Magreth, nikamsimulia yote, hata mihogo. Alicheka. Halafu hakucheka tena.

"Baba Flavia, treni ipo. Ningeshakuja zamani. Mbona hujawahi kuniambia nirudi?"

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

Treni. Sikuwa nimeifikiria kabisa. Kesho asubuhi nitamuuliza mkuu wa stesheni treni hutozwaje ikisimama. Kwa behewa, nadhani. Hapo nitawashinda.