Mideva na Vumbi la Ubao wa Saruji

Tulieni, enyi wakazi wa Jericho, nanyi wa Kariobangi mliozoea kelele za nyundo, punguzeni redio mpate habari za vita alivyopigana Mideva, fundi wa kuta, mwenye mwiko usiotetemeka, siku aliyoingia nyumbani kwa Mzee Sylvance Omolo, mstaafu wa reli.

Mzee alikuwa ameigawa sebule yake kwa mbao za saruji, ili bintiye Amondi, aliyejifungua juzi, apate chumba cha kulaza mtoto. Mkewe, Benta, alipokwenda sokoni asubuhi ile ya Alhamisi, aliacha amri kwamba akirudi aukute ukuta mweupe.

Mideva akapitisha kiganja juu ya ubao, kikarudi kimepauka kama cha msaga unga. Akamweleza mzee kwamba adui ndiye huyo, na kwamba skimu, ile lipu nyembamba ya kulainisha ukuta, ikipakwa juu ya vumbi haishiki. Mzee, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hakuchelewesha behewa hata moja, akaona hizo ni mbinu za kupoteza muda. Fundi alipotoka kuteka maji uani, mzee akautwaa mwiko wake, akakoroga skimu kwenye kopo, akapaka eneo la upana wa meza, akasimama kulitazama kwa fahari ya mshindi.

Fahari ile haikumaliza dakika kumi. Ubao mkavu uliifyonza maji skimu, ikapasuka, ikajikunja, ikaanguka sakafuni vipande vipande.

Mideva akarudi na ndoo. Hakucheka, na hilo nalo lihesabiwe miongoni mwa matendo yake makuu.

"Mzee wangu," akanena, "sikuja kukupinga. Mwezi wa tatu, kule Kware, nilimsikiliza mwenye nyumba aliyekuwa na haraka, na skimu yangu ikabanduka ikaangukia sufuria ya ugali watu wakiwa mezani. Hapa atalala mtoto mchanga. Sitarudia."

Mzee akamrudishia fundi mwiko. Kisha akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaomba brashi.

Basi wakaingia vitani. Wakapiga brashi ubao wote toka juu hadi chini, hata wakawa na mvi sawa. Wakaufuta kwa kitambaa chenye unyevu. Skrubu zilizochomoza vichwa wakazididimiza moja baada ya moja. Maungio wakayaziba na kuyafunga utepe wa wavu kama majeruhi. Wakapaka praima, rangi ya kwanza ya kuishikisha skimu, na vikabaki vita vigumu kuliko vyote, yaani kungoja ikauke bila kuigusa. Mara tatu mzee aliunyosha mkono, mara tatu akaurudisha mfukoni.

Jioni Benta akarudi na sukuma wiki, akautazama ukuta uliojaa mistari na mabaka, akauliza wamekuwa wakifanya nini tangu asubuhi.

Mzee Sylvance akasimama wima, vumbi likiwa bado kwenye nyusi.

"Mama Amondi," akasema, "skimu bado hatujapaka. Tumetayarisha."

Benta akautazama tena ukuta, kisha akamimina chai, na kikombe cha kwanza akampa fundi.

Na iandikwe hivyo, wajukuu wasome: Jericho, siku ya Alhamisi, saa kumi na moja na robo jioni, ukuta ulikuwa tayari kuanzwa.