Nafasi ya Nne

Jumatatu, 9 Septemba

Tumebaki wawili, mimi na Balz. Nafasi ni moja.

Marlis, mwenyekiti wa chama chetu cha shabaha, alitangaza jana baada ya ibada. Kura ya kuchagua vyama vya mwaka huu imetuangukia! Kikosi cha watu wanne kinakwenda Seematt, konde lile la ng'ambo ya ziwa ambako vyama vya mabonde yote hukutana kupiga shabaha. Watatu wameshapita, Marlis mwenyewe akiwa wa kwanza. Wa nne atajulikana Jumamosi. Risasi kumi kila mmoja, kila risasi alama kumi kwa juu, umbali wa mita mia tatu, mimi na Balz Furger tumelala kifudifudi bega kwa bega.

Babu yangu alipiga Seematt. Baba yangu alipiga Seematt. Majina yao yameandikwa kwa rangi kwenye ubao wa ukumbi wa chama, juu ya meko. Chini ya jina la baba pana nafasi tupu. Kila nikila soseji mle ukumbini macho yanaenda pale, na soseji inanikwama. Kura ikija kuturudia tena, nitakuwa mzee wa kulazwa chini na watu na kuinuliwa na watu.

Balz ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Hapo ndipo panaponiuma. Adui akikushinda unamnunia, yamekwisha. Rafiki akikushinda unalazimika kumnunulia kinywaji.

Tatizo: Balz ana shabaha kuliko mimi. Hili sitaliandika tena.

Ila Mungu si Athumani. Balz yuko juu malishoni na ng'ombe wake mpaka mwisho wa mwezi, anatengeneza jibini. Kushuka huku bondeni anategemea kijigari cha waya, kile kinachoning'inia juu ya msitu. Na kijigari cha waya kinaendeshwa na nani? Na mimi, Meinrad Imholz!

Jumanne, 10 Septemba

Mazoezi ya mwisho ni kesho jioni. Nimebandika tangazo kituo cha chini na kituo cha juu: kesho mchana kutwa kijigari hakitembei, roli zinazobeba waya zinakaguliwa.

Agath, mke wangu, kalisoma. Akaniuliza roli zina nini. Nikamwambia usalama wa abiria ni dhamana kubwa. Akasema mkaguzi alikuja mwezi uliopita akazisifu mpaka akaomba kupigwa nazo picha. Nikasema ndiyo maana, sifa huleta uzembe. Akanitazama kama anavyotazama maziwa yanayokaribia kufurika, akaondoka.

Kesho Balz atakuwa juu anasikiliza kengele za ng'ombe, mimi nitakuwa uwanjani napiga makumi. Moyo unanidunda kwa raha.

Jumatano, 11 Septemba

Balaa!

Sikulifikiria jambo moja. Ukitangaza ukaguzi, watu wanataka kuona unakagua. Basi nikapanda mnara unaoshikilia waya na kopo la grisi, nikawa napaka roli ambazo tayari zilikuwa zinang'aa. Wazee wawili walileta viti wakakaa kunitazama. Walitoa na ushauri.

Ilipokaribia saa ya mazoezi, simu ikalia. Kathri, mjane anayeishi kituo cha kati. Ndama wake ana homa, daktari wa mifugo anamsubiri chini, na kama sitatuma kijigari sasa hivi ataliambia bonde zima nimemwachia ndama afe. Ningefanyaje? Nikapanda kumfuata. Ndama hakutaka kuingia. Nikamsukuma, akanisukuma. Nina alama ya kwato kwenye paja mpaka sasa.

Nilipomaliza, mazoezi yalikuwa yamekwisha. Sikupiga hata risasi moja.

Na Balz? Balz alishuka kwa miguu! Bunduki mgongoni, anapiga mluzi, amekatiza msitu mzima kama kijana anayekwenda kuposa. Alipita hapa kituoni nikiwa bado juu ya mnara. "Pole na kazi, Meinrad! Nije nikushikie kopo?" Nikamjibu kwamba kazi hii ina wenyewe. Akacheka, akaniachia kipande cha jibini kwenye benchi.

Marlis anasema hajawahi kumwona Balz akipiga vile. Eti ule mwendo ulimfungua mapafu. Mimi ndiye niliyemfungua mapafu!

Jibini nimelila. Lilikuwa zuri sana. Nimezidi kukasirika.

Ijumaa, 13 Septemba

Jana sikuandika. Nilikuwa nafikiri. Leo nimetenda.

Kila mpiga shabaha anajua habari ya kahawa. Ukiinywa, moyo unakimbia, na moyo ukikimbia mtutu wa bunduki unaruka nao. Balz ameshashuka, amefikia kwa kaka yake. Nikamwalika kwetu. Agath akaoka keki ya plamu, bila kujua kwamba anashiriki. Nikachemsha kahawa nyeusi ya kuamsha maiti.

Lakini adabu ni adabu. Mgeni hanywi peke yake. Nikajimiminia, nikamaliza, nikajimiminia tena ili naye aone aibu aongeze. Balz kila mara alikijaza kikombe chake maziwa mpaka kahawa ikapotea. Anasema tumbo lake halipendi vitu vikali. Mimi nimekunywa birika lote. Mwandiko huu msiushangae.

(Nasema "msiushangae" na nani? Tazama kahawa inavyofanya.)

Sasa lililo muhimu. Kabla hajaondoka aliniinamia, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya familia. Akasema kesho föhn utavuma, amesikia mlimani. Huo ndio upepo wetu wa joto unaoteremka kutoka vilele vya kusini. Ukivuma, bonde zima linaumwa kichwa na hakuna anayeulizwa kwa nini ana hasira. Akasema: "Sikiliza, ndugu yangu. Föhn ukivuma usizitazame bendera za uwanjani. Bendera zinadanganya. Tazama yale majani marefu kule korongoni, yale ndiyo yanayosema kweli."

Nikamshukuru. Moyoni nilikuwa nacheka. Ananiona mtoto! Mtu yupi mwenye akili timamu atampa mpinzani wake dawa, tena mkesha wa vita? Kama kanikataza bendera, basi kweli iko kwenye bendera.

Balz, umejianika mwenyewe.

Jumamosi, 14 Septemba

Mwandiko umeharibika tena. Safari hii si kahawa.

Föhn ulivuma. Tangu asubuhi vilele vilionekana karibu mno, kama mtu amevisogeza. Chama kizima kilikuja, hata wale ambao huja kwa ajili ya soseji tu. Hakuna aliyezungumza kwa sauti. Mashine ya kuonyesha alama iliungua kwa radi wakati wa kiangazi, kwa hiyo kule mwisho kulikuwa na watu handakini, wa kushusha shabaha, kutazama tundu, na kutuonyesha kwa kibao kirefu. Yangu namba tano. Ya Balz namba sita.

Tukalala. Nilisikia pumzi ya Balz pembeni yangu, taratibu, kama ya ng'ombe aliyeshiba.

Risasi ya kwanza nikafuata bendera. Nane. Ya pili nikazifuata zaidi. Nane, tena ile ya kuponea. Balz: tisa, kumi. Nyuma yangu nilisikia mtu anafyonza meno.

Bendera zinadanganya. Lakini siwezi kuyatazama majani! Nikiyatazama majani nitakuwa nimemtii Balz, na ushindi utakuwa wake hata nikishinda. Jasho likaniingia jichoni. Ndipo akili ikaja. Kwa nini niusome upepo wakati jirani anausoma? Nikavuta darubini yangu. Balz akifyatua, natazama tundu lake limeangukia wapi, nakirekebisha kilengeo cha bunduki yangu kulingana nalo, nafyatua. Tisa! Kumi! Kumi tena! Hata Marlis alikohoa kwa mshangao.

Kisha upepo ukamgeukia Balz katikati ya kufyatua. Sita! Namwonea huruma? Hapana. Nilitamani kuimba.

Baada ya risasi ya tisa nilikuwa mbele kwa alama moja. Mbele! Niliona ule ubao juu ya meko. Niliona rangi mbichi chini ya jina la baba. Imebaki risasi moja tu kati yangu na baba yangu.

Balz akafyatua yake ya mwisho. Nikaikazia darubini shabaha yake, nisubiri ishushwe. Watu wa handakini wakachelewa. Natazama, natazama, macho hayabanduki pale. Mara upepo ukafa. Majani, bendera, kila kitu kikasimama. Ni sasa hivi! Nikaiachia darubini, nikaikumbatia bunduki, nikapata duara jeusi katikati kabisa, nikatoa pumzi, kidole kikajivuta chenyewe. Risasi tamu haielezeki. Unajua kabla haijafika.

Shabaha yangu ikashuka, ikapanda. Kibao chekundu kikapungwa kulia na kushoto. Maana yake hakuna tundu.

Nikasema hao wa handakini wana kengeza. Marlis akapiga simu huko. Akasikiliza sana. Akauliza tena. Kisha akasema polepole, na sikuupenda upole wake, kwamba shabaha namba tano haina tundu jipya, ila namba sita ina matundu mawili. Moja nane. Moja kumi, katikati kama limechorwa na bikari.

Kanuni inajulikana. Aliyepiga shabaha ya mwenzake amekosa, anapata sufuri. Mwenye shabaha, kama hakuna anayejua tundu lipi ni la nani, anachukua lililo bora.

Nikaruka juu. Nikapiga kelele: "Hiyo kumi ni yangu!"

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka mmoja akashikilia mti. Balz hakucheka. Alikuwa bado amelala, ananitazama, uso mwekundu.

Ukumbini wakainua glasi, wakainywea ile kumi kwa heshima. Kumi ya Balz! Marlis akasema hajaona risasi nzuri kama ile mwaka mzima. Nikainua glasi pamoja nao. Ningefanyaje? Risasi ilikuwa nzuri kweli. Nilikaa mgongo kwa meko ili nisiuone ubao, na nilipofika nyumbani nilikaa zizini peke yangu nikalia kidogo. Kwa sababu ya föhn.

Jumapili, 15 Septemba

Siku kubwa. Nimemshinda Balz!

Amekuja mchana, kofia mkononi, viatu vya kanisani. Hakukaa. Akasema hakupata usingizi. Akasema watu wameinywea kumi ambayo hakuipiga, ile nane ndiyo yake, anaijua kwa kidole chake. Nikamkumbusha kwamba hata kwa nane amenishinda. Akasema anajua hesabu, lakini hawezi kwenda kulala na bunduki kwenye konde lile huku watu wanamsifia risasi ya mtu mwingine. Ameshamwendea Marlis, na Marlis karidhia. Majina yanapelekwa jioni hii.

"Nafasi ichukue wewe, Meinrad," akasema. "Babako alipiga pale. Babu yako alipiga pale. Mimi kwetu hakuna aliyewahi kwenda, hakuna anayenisubiri."

Ubao, rangi mbichi, baba. Nilikaribia kabisa kumshika mkono.

Nikashtuka kwa wakati! Mtu hakupi hivi hivi kitu alichokipigania. Kuna namna. Nikubali, kesho bonde zima liambiwe Imholz amekwenda Seematt kwa sadaka ya Furger. Nikubali, nipande na kushuka nikimbeba bure kwenye kijigari mpaka kufa. Au nikubali, nifike Seematt, nipige vibaya, naye awe ameketi nyumbani akitabasamu. Na Marlis yumo! Wamepanga wote wawili!

Nikajinyoosha. Nikamwambia mimi si mtu wa kupewa makombo. Aliomba mara ya pili. Nikakataa. Aliomba mara ya tatu, na macho yake yalikuwa na maji, nikajua ujanja wake umefika mwisho. Nikakataa kwa sauti kubwa zaidi.

Akasema basi atakwenda yeye, lakini moyo wake haujatulia. Akaniambia: "Wewe ni mgumu, ndugu yangu, wallahi." Akavaa kofia, akashuka ngazi ameinamisha kichwa. Mtu aliyeshindwa unamjua kwa mgongo.

Marlis amepiga simu sasa hivi kuuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kuliko nilivyowahi kuwa. Akasema basi, jina la Balz limekwenda.

Agath alikuwa jikoni muda wote, mlango wazi. Alisikia kila neno. Aliweka kisu chini, akaketi, akajishika shavu. Mpaka sasa ananitazama tu.

Nadhani ni fahari.